Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Wahenga wetu wa pwani wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja hugombana kama wake wenza. Ya kwanza yasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Ya pili yasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya kwanza yatuamrisha tumpambe mtu aliyefanya vyema. Ya pili yatuonya kwamba ukimpamba atajiona, na kazi itaharibika. Nami nimeona kwa muda mrefu kwamba wakubwa wa ofisi zetu za miji, wakifika kwenye jambo la kuwatukuza watumishi wao, huishika methali ya pili siku ya kulipa na ya kwanza siku ya kupigwa picha.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu: mji umtambue vipi mtumishi wake mwema? Siwazungumzii wakuu wenye mazulia na walinzi mlangoni, kwani hao hawakosi wa kuwasifu. Nawazungumzia watu wa idara ya usafi: wafagiaji wa njia, wazoaji wa taka, wazibuaji wa mitaro. Nimeichagua idara hii kwa makusudi. Ukitaka kuijua adabu ya nyumba, usitazame jinsi mgeni anavyokaribishwa barazani; sikiliza jinsi mtumishi anavyosemeshwa jikoni. Na mji nao ni nyumba.

Siku hizi imekuwa desturi kwa idara kuchagua kila mwaka mtumishi bora. Huitwa mbele, akapewa cheti chenye fremu, akapeana mkono na mkubwa, watu wakapiga makofi, kisha picha ikatundikwa ukutani. Sisemi kwamba ni vibaya. Cheti ni hidaya, na hidaya huzidisha mapenzi baina ya watu. Lakini nina maswali mawili. Baada ya makofi kunyamaza, ni nani katika wale waliokuwa wakipiga anayelijua jina la yule mtu? Na kama ujira wake wa miezi miwili ungali haujalipwa, kile cheti atakipikia nini?

Mimi ni mtu wa maneno, basi niruhusu nianze na neno. Sisi watu wa pwani tulikuwa na neno topasi. Lilitujia kutoka ng'ambo ya bahari, kama yalivyotujia maneno mengi, na maana yake ni mtu anayesafisha vyoo na kuzoa uchafu. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, nimekaa mkekani na juzuu yangu ya Amma, neno hilo lilikuwa bakora ya pili. Mtoto asiyehifadhi aliambiwa kwamba mwisho wake atakuwa topasi. Hapana aliyetukumbusha kwamba tusingeweza kukaa pale na kusoma, lau topasi hajapita alfajiri.

Ajabu ni kwamba chuo kile kile ndicho kilichotusomesha kwamba tohara ni nusu ya imani, na kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi moja katika matawi ya imani. Kwa hivyo asubuhi tulifunzwa kwamba kuondoa uchafu njiani ni ibada, na jioni tukatishwa kwa jina la mtu ambaye kazi yake ni kuondoa uchafu njiani. Watoto hawana wepesi wa kuliona fundo kama hili. Watu wazima nao, wakiliona, aghalabu hupita kando, kama wapitavyo kando ya pipa.

Fundo hilo mimi nilifunguliwa na hadithi moja niliyoisikia baadaye, katika darsa ya msikitini baina ya magharibi na isha. Wengi wenu mwaijua. Imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira. Palikuwa mjini Madina na mtu mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mpokezi ametia shaka kama alikuwa mwanamke au mwanamume. Wako wanazuoni waliosema kwamba alikuwa mwanamke, na wako waliomtaja kwa jina la Ummu Mihjan. Siku moja Mtume akamkosa. Akauliza habari zake. Akaambiwa kwamba amekwisha kufa. Akawauliza masahaba mbona hawakumjulisha, nao ilikuwa kana kwamba wameliona jambo la mtu yule kuwa dogo. Hapo akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamswalia.

Itazame hadithi hii, msomaji, kama vile karani anavyolitazama daftari la kazi. Hamna humo cheti wala nishani, wala hamna hotuba. Mna mambo matatu tu. Mtume alimkosa, kisha akamuuliza, kisha akamwendea. Na hilo la kwanza ndilo kubwa, kwa sababu kumkosa mtu kuna sharti: lazima kwanza uwe ulikuwa ukimwona. Masahaba walipita juu ya sakafu iliyofagiwa, nao ni watu bora wa zama zao, lakini kifo cha aliyeifagia hawakukiona kuwa ni habari ya kumfikishia kiongozi. Kiongozi mwenyewe, na mizigo yote aliyokuwa nayo, ya umma, ya vita na ya wahyi, alikuwa akimwona mfagiaji kila siku, hata siku alipokosekana pengo likaonekana.

Basi hicho ndicho kipimo changu. Ukitaka kujua kama idara yawatambua watumishi wake, usihesabu vyeti vilivyo ukutani. Mwulize mkubwa wa idara: mfagiaji wa mtaa huu asipofika kazini siku mbili, ni nani atakayeuliza yuko wapi? Na akiuliza, atauliza kwa jina, au atauliza kwa nini taka zimejaa?

Najua atatokea mzee mmoja pale Kibokoni, ashushe kikombe chake cha kahawa, aseme: ewe bwana mshairi, kazi njema hufanywa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kutaka sifa ameiunguza kazi yake kwa ria. Mzee huyo hasemi uwongo. Mtume alikataza watu kusifiana kupita kiasi, na katika Sahihi ya Muslim imekuja amri ya kuwatupia vumbi nyusoni wale waliofanya kusifu watu kuwa ndiyo biashara yao. Lau amri hiyo ingetekelezwa katika sherehe zetu za leo, sijui ni nani angetoka ukumbini na kanzu nyeupe.

Lakini, mzee wangu, natuitenganishe mizigo miwili. Ikhlasi ni mzigo wa mfanyakazi. Shukrani na ujira ni mzigo wetu sisi tuliofanyiwa kazi. Haiwezekani mtu akalikimbia deni lake kwa kumkumbusha mdai wake awe na ikhlasi. Mtume yule yule aliyekataza sifa za kupindukia amefundisha, katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Na katika mapokezi ya Ibn Maja ameagiza kwamba mwenye kuajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Zingatia muda huo. Wako wahasibu ambao hungoja jasho likauke, shati lifuliwe, livaliwe tena na lichanike, ndipo watafute kalamu ya kutilia sahihi.

Na ile methali ya mgema, ukiisikiliza vizuri, haikusema kwamba mgema akilipwa tembo hulitia maji. Imesema akisifiwa. Wahenga walikuwa wepesi wa kupima maneno. Walijua kwamba sifa ni jambo moja na malipo ni jambo jingine, na walioiharibu methali yao ni wale wanaoitumia kumnyima mtu vyote viwili.

Pengine mwingine ataniambia: hayo ni ya Madina na zama za Mtume; mji wa leo una idara, bajeti na vyama vya wafanyakazi, mambo yake si kama ya msikiti mmoja. Haya, nitamletea mfano wa mji wa zama zetu. Nimeutafuta mbali, Marekani, kwa sababu habari zake zimeandikwa siku kwa siku, na kwa sababu mji huo mwishowe uliwatambua watumishi wake wa usafi. Ila uliwatambua baada ya miaka 49.

Mji wenyewe ni Memphis, katika jimbo la Tennessee, ukingoni mwa mto Mississippi. Mwaka 1968 idara ya kazi za umma ya mji huo ilikuwa na wazoaji taka na watu wa mitaro wapatao 1,300, takriban wote watu weusi, na wasimamizi wao ni wazungu. Walizifuata taka hadi nyuma ya nyumba za watu wakazibeba kwa makarai, begani na kichwani, na makarai mengine yametoboka, maji ya uvundo yawatiririkia shingoni. Ujira wao ulikuwa duni, hata wengi wao waliofanya kazi wiki nzima walistahili kupokea msaada ambao serikali huwapa maskini. Siku ya mvua walirudishwa makwao bila ya ujira wa kutwa, na wasimamizi wakalipwa siku nzima.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilinyesha kwa nguvu. Wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakaingia nyuma ya gari la taka kujisitiri. Mtambo wa kushindilia taka ukaanza kwenda, ukawasaga humo humo wakafa. Wenzao walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya magari yale mabovu, na hawakusikizwa. Familia za marehemu zilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za maziko. Watu wawili wakafa katika kuutumikia mji, na hiyo ndiyo pete waliyovikwa.

Tarehe 12 Februari wafanyakazi wakagoma. Meya Henry Loeb akasema kwamba mgomo wao ni kinyume cha sheria, na kwamba hatazungumza na chama chao. Wakawa wanaandamana kila siku, na vifuani wamevaa mabango yenye maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu maana yake ni hii: mimi ni mwanamume mzima. Yafaa tuelewe kwa nini waliyachagua maneno hayo. Mzungu wa huko alikuwa akimwita mwanamume mweusi kwa neno la mtoto wa kiume, hata awe na mvi na wajukuu. Kwa hivyo kabla ya senti na kabla ya magari mapya, dai lao lililobebwa kifuani lilikuwa dai la utu. Mswahili hahitaji kufasiriwa hilo, maana kwetu twasema mtu ni utu.

Watu wengi wajua kwamba Dkt. Martin Luther King aliuawa Memphis. Wachache hukumbuka kwamba alikwenda kule kwa ajili ya wazoaji taka. Alifika Machi kuwatilia nguvu, akarudi Aprili, na jioni ya tarehe 4 Aprili 1968 akapigwa risasi katika hoteli ya Lorraine. Mtu aliyekwisha kupokea Nishani ya Nobeli ya Amani, aliyezoea kukutana na marais, alikufa akiwa safarini kuwapigania watu wa makarai. Siku 12 baadaye, tarehe 16 Aprili, mji ukakubaliana nao: chama chao kikatambuliwa, na ujira ukaongezwa senti 15 kwa saa, kwa mafungu mawili.

Hapo ndipo hadithi nyingi hukoma, na hapo ndipo mimi nataka tuendelee. Miaka ikapita, vijana wa 1968 wakawa wazee. Sifa zikaja, na zilikuwa sifa kubwa. Mwaka 2011 Wizara ya Kazi ya Marekani iliwaingiza wagomaji wale wote 1,300 katika orodha yake ya watu wa kuheshimiwa, na baadhi ya wale waliokuwa hai wakapokewa Ikulu na Rais Barack Obama. Nadhani hapana idara ya mji popote duniani ambayo wazoaji wake wa taka wamepata heshima ya namna hiyo. Lakini haki ya uzeeni ilikuwa imewapita. Baada ya mgomo waliwekwa katika mfuko wa uzeeni wa serikali kuu, si katika pensheni ya mji, na uzee ulipofika ikabainika kwamba kile wanachopata hakimtoshi mzee na nyumba yake. Mwaka 2017 wako waliokuwa wangali kazini. Mmoja wao, Elmore Nickelberry, alikuwa amepita umri wa miaka 80 naye angali akizunguka usiku na gari la taka katika njia zile zile. Alikwisha kusifiwa, lakini hakuwa na uwezo wa kupumzika.

Ndipo Julai 2017 mji wa Memphis ukatangaza kwamba utawapa wagomaji waliosalia dola 50,000 kila mmoja, na baraza la mji likaziongeza zikawa 70,000. Walipotangazwa mara ya kwanza walikuwa wazee 14. Mwaka uliofuata, miaka 50 tangu mgomo, ukafunguliwa uwanja wa kumbukumbu karibu na kanisa walilokuwa wakianzia maandamano, na majina ya wagomaji yakachongwa ukutani.

Hesabu mwenyewe, msomaji: watu 1,300 waliofanya kazi na kugoma, na 14 walioitwa kupokea. Sisemi kwamba mji ulifanya vibaya mwaka 2017. Ulifanya vyema, na hapana shaka wazee wale walizihitaji zile pesa. Nasema kwamba pete ilipofika, vidole vilikuwa vimekwisha kuzikwa. Na jina likichongwa ukutani baada ya mwenyewe kufa, mwenye kunufaika ni ukuta.

Kutokana na mji huu mmoja nimejifunza kwamba kumtambua mtumishi kuna ngazi tatu, na ukiiruka moja utaanguka. Ngazi ya kwanza ni jina: aonekane kuwa ni mtu, ajulikane, na akikosekana aulizwe. Ngazi ya pili ni ujira: alipwe kwa kadiri na kwa wakati, na apewe vifaa vya kumlinda, glavu, viatu na gari lisiloua. Ngazi ya tatu ni uzee: nguvu zake zikiisha, asitupwe pamoja na zile taka alizokuwa akizizoa. Cheti, nishani na makofi ni mapambo ya juu ya ngazi hizo. Nyumba hupakwa chokaa baada ya kusimamishwa, si kabla.

Na hii ngazi ya tatu nayo si uzushi wa vyama vya wafanyakazi vya Ulaya. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ametaja katika kitabu chake cha Kharaji habari ya Khalifa Umar bin Khattab alipomkuta mzee mmoja wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alipomuuliza lililomfikisha hapo, mzee akataja jizya, haja na umri. Umar akamchukua hadi nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mweka hazina wa Baitulmali amtazame yeye na mfano wake, kwa hoja kwamba si uadilifu mtu kuliwa ujana wake kisha akatelekezwa uzeeni. Khalifa hakutazama dini ya mzee yule wala cheo chake. Alitazama kwamba dola ilifaidi nguvu zake. Hoja hii iweke mbele ya idara yoyote ya mji, nayo itasimama.

Sasa turudi nyumbani Mombasa. Hadi mwaka 2013 kazi ya kufagia na kuzoa taka ilikuwa mikononi mwa baraza la manispaa. Uchaguzi wa Machi mwaka huo ulipokwisha, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mabaraza yalivunjwa, na uzoaji wa taka pamoja na uzimaji wa moto ukawa ni kazi ya serikali ya kaunti. Watumishi wakahamishwa na kazi zao. Lakini katika nchi yetu yako mabaraza ya zamani yaliyokuwa yakiwakata watumishi pesa za uzeeni katika mishahara, kisha pesa zisifikishwe kwenye mifuko, na kaunti zilirithi madeni hayo pamoja na majengo na magari. Mtumishi aliyekatwa miaka 20 akaenda kudai na kuambiwa kwamba daftari lake lina mapengo, huyo hawezi kufurahishwa kwa cheti. Haki yake imo mikononi mwa mtu, na fiqhi yetu iko wazi: hata urithi haugawanywi kabla ya deni kulipwa, sembuse hidaya.

Sheria ya nchi nayo si bubu. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mema ya kazi, kuingia katika chama na kugoma. Kifungu cha 57 chataka wazee waishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na serikali. Kila mwaka pia nchi hutoa nishani kwa wananchi waliotenda mema. Basi tunazo methali, tunazo hadithi za Mtume, tunayo Katiba. Kilichopungua si elimu. Kilichopungua ni macho ya kumwona mtu aliyeinama na ufagio wa chelewa.

Na hapa lawama isiwe ya wakubwa peke yao. Sisi watu wa mji tunazo siku zetu. Usiku wa Ramadhani twafuturu, twala viazi vya karai na mishikaki barabarani, twatupa makaratasi na vijiti tulipokaa. Siku za Idi uwanja wa Makadara hujaa watoto, na wakitoka wao hubaki chupa, maganda na mifuko. Asubuhi yake uwanja u safi, nasi hatuulizi. Nani aliyeikosa sikukuu yake akisafisha ya kwetu? Huenda ni Muislamu mwenzetu aliyewaacha wanawe na nguo mpya. Huenda ni ndugu Mkristo aliyetoka Changamwe kabla ya jua. Nyumba inayojua kumpelekea jirani sahani ya biriani siku ya Idi yashindwaje kumpelekea huyu?

Sisi si watu tusiojua kutunza. Katika taarabu ya arusi, mwimbaji akiugusa moyo wa mtu, mtu huyo huinuka kitini, akamwendea na kumtunza pale pale, wimbo ungali mdomoni. Haendi kuunda kamati, wala hangoji mwimbaji azeeke. Ndiyo maana twasema mcheza kwao hutunzwa. Desturi hiyo njema yafaa itoke ukumbini, ishuke hadi njiani. Nami kwa kuwa kazi yangu nyingine ni kutunga, nimeliweka jambo hili katika beti mbili, zipate kushikika kwa wasiopenda makala marefu:

Mji ungali walala, naye yuko mitaani,
Aondoa tulokula, tulotupa uwanjani,
Hana cheo hana hila, jina halimo chetini,
Muulizeni kwa jina, angali yu duniani.

Akikosa siku mbili, nani amuulizaye,
Huwa augua mwili, hana amtazamaye,
Mshahara wa halali, achelewa ampaye,
Muulizeni kwa jina, angali yu duniani.

Nina mapendekezo machache, wala hayana gharama kubwa. Kila mtaa uandikiwe jina la mfagiaji wake mahali pa kuonekana, kama yanavyoandikwa majina ya madaktari mlangoni, ili anayepita ajue ni nani wa kumsalimu. Idara ikitaka kumtuza mtumishi bora, kwanza mhasibu asimame mbele ya watu atangaze kwamba watumishi wote wamelipwa hadi mwezi uliopita. Asipoweza kutangaza hivyo, sherehe iahirishwe. Anayekaribia kustaafu aonyeshwe hesabu yake ya uzeeni mapema, angali na nguvu za kuuliza. Akifa mtumishi, mkubwa wake aende mazikoni mwenyewe, asimtume dereva. Na makhatibu wetu, ambao Ijumaa hutukumbusha tohara ya mwili na nguo, watukumbushe mara moja moja yule aliyeufagia msikiti wa Madina, na jinsi alivyoulizwa.

Hadithi ile ina jambo moja ambalo halinitoki moyoni. Mfagiaji wa Mtume ni mtu aliyeswaliwa kaburini na mbora wa viumbe, na hata hivyo wapokezi waliomfuata hawakuafikiana kama alikuwa mwanamke au mwanamume. Yeye Mola wake amjua, na hilo lamtosha. Lakini wetu, wanaopita mlangoni petu kila alfajiri, bado twaweza kuwauliza majina wenyewe, kwa vinywa vyao, nao wakatujibu.